Mjadala wa Nyuso za Karatasi

Hoja iliyowekwa mbele ya baraza ilikuwa fupi: kwamba mzazi atakiwaye na shule amvike mwanawe sura ya mhusika wa hadithi aitengeneze barakoa hiyo nyumbani, kwa karatasi, akishirikiana na mtoto mwenyewe, wala asiinunue dukani. Ada hii ya kuwavika watoto sura za wahusika si ya asili ya pwani. Uingereza imezoeleka tangu siku ya vitabu ilipoanza kuadhimishwa huko mwaka 1998, na baadhi ya shule za kwetu zimeifuata, kila moja kwa kadiri ya wazazi wake. Baraza lilikaa Tanga, na waliosema walikuwa watano: Mwalimu wa shule ya msingi, mwenye hoja, Maalim wa chuo cha Kurani, Bibi mmoja mlezi wa wajukuu, Mzee wa Kimakonde, ambaye babaye alivuka Ruvuma kuja kukata mkonge katika mashamba ya mkoa huu, na Fundi wa kujalidi vitabu. Mimi niliketi kitini. Majina yao nimeyaacha, maana zilizopimwa ni hoja, si wenye nazo.

MWALIMU: Mwenyekiti, nawaamkia wazee wangu shikamoo, na wengine nawapa heshima zao. Siku hiyo inapowadia mimi husimama mlangoni mwa shule nikawapokea watoto, na kila mwaka huziona nyuso zile zile za plastiki zilizotoka katika kalibu moja: buibui wa filamu za Marekani, popo wa filamu za Marekani, na binti mfalme wa theluji, ambaye huyo aliyemvaa hajapata kuiona theluji wala hana haja nayo. Nikimwuliza mtoto, “Leo wewe ni nani?” hunijibu upesi, nikiongeza, “Na huyo alitenda nini, alimkosea nani, na mwisho wake ulikuwaje?” huinama akanyamaza, kwa kuwa sura ameipata kwa fedha ya babaye, na hadithi hakuna aliyempa.

Sasa mtazameni mtoto aliyeambiwa atengeneze uso wa Fisi. Hawezi kutia mkasi katika karatasi kabla hajaamua huyo ni Fisi yupi: ni yule mlafi aliyemfuata binadamu njia nzima akingoja mkono unaoning’inia udondoke, ama ni yule mwoga anayetimuliwa na Sungura kwa maneno matupu? Kama ni mlafi, mdomo uwe wazi na ulimi utoke nje. Kama ni mwoga, masikio yalale. Haya hayajui mpaka arudi kwa nyanya yake kuuliza, au afungue kitabu asome tena, na kwa njia hiyo barakoa humrudisha kwenye hadithi aliyodhani ameimaliza. Wala asitokee mtu akasema kwamba hatuna mashujaa wa kuvaliwa. Tunaye Fumo Liyongo, aliyekata minyororo yake kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, kisha akauawa kwa sindano ya shaba na mtu wa damu yake. Na tunaye Abunuwasi, ambaye pwani imemfanya mwanawe hata imesahau kwamba alikuwa malenga wa Baghdad.

Kazi yenyewe nayo si ya kudharauliwa. Katika mji wa Venice, huko Italia, mafundi wa barakoa walikuwa na kanuni zao zilizoandikwa tangu mwaka 1436, na aghalabu kazi yao ilikuwa ya karatasi iliyoloweshwa gundi, ikashindiliwa ndani ya kalibu ya plasta, ikaachwa ikauke, kisha ikatolewa na kupakwa rangi. Huko India, katika jimbo la Bengal Magharibi, kipo kijiji kiitwacho Charida ambacho watu wake huutengeneza kwanza uso wa udongo, wakaunyunyizia majivu ili karatasi isishikamane nao, wakapanga juu yake tabaka za karatasi, udongo na kitambaa. Na wachezaji wa ngoma ya Chhau huzivaa nyuso hizo wakaigiza visa vya Ramayana na Mahabharata mbele ya umma. Ikiwa karatasi iliweza kubeba visa vikubwa hivyo, yaweza kumbeba Sungura wetu.

MAALIM: Mwenyekiti, Mwalimu amesema kwa ufasaha, nami sitapinga kwa kumshikia sheria ya picha na sanamu, maana wanazuoni wamekhitilafiana katika vitu vya kuchezea watoto, na riwaya ya Bibi Aisha pamoja na wanasesere wake, na yule farasi wake mwenye mbawa za viraka vya nguo, inajulikana na kila aliyepita chuoni. Pingamizi langu liko mahali pengine. Uso wa mtu ni amana. Kwa uso jirani humjua mtoto wa jirani, akamkanya akikosea na akampa salamu za mamaye. Na haya, ambayo ndiyo nusu ya malezi yetu, hukaa usoni. Mfunike mtoto uso, na nusu saa haipiti utamwona amemsukuma mwenzake, amemtolea mtu mzima neno ambalo uso wake ulio wazi usingethubutu kulitoa, na akishutumiwa hujibu, “Si mimi, ni Simba.”

Na kwa kuwa Mwalimu ametupeleka Venice, natukae huko kidogo. Watu wale wale walioandika kanuni za mafundi waliandika pia sheria nyingi za kuwazuia wenye barakoa: wasitembee usiku, wasibebe silaha, wasiingie mahali patakatifu, maana walikwisha kuonja matunda ya kujificha. Na dola yao ilipoanguka mwaka 1797, sikukuu ile kubwa ya barakoa ilififia, isihuishwe mpaka mwaka 1979. Muda wote huo, karibu karne mbili, sijasikia kwamba watoto wa Venice walikosa adabu kwa kukosa barakoa. Kwa hiyo iwe ya plastiki ama ya karatasi, kwangu shida ni moja, nayo ni kule kujificha.

BIBI: Wanangu, nyote mmesema mambo makubwa, na mimi nitasema mambo ya jikoni, kwa sababu huko ndiko barua ya shule inakofikia. Barua hiyo huja Jumatano, na siku yenyewe ni Ijumaa. Mama wa watoto hawa anatoka kazini Magharibi, ana chakula cha kupika na nguo za kufua, halafu mtoto anamwambia, “Mama, kesho kutwa mimi ni Chui.” Unajua kitakachofuata, Mwalimu mwanangu? Mtoto atasinzia juu ya mkeka na karatasi mkononi, na mama ndiye atakayekata, atakayegandisha na atakayepaka rangi mpaka usiku wa manane. Na asubuhi ninyi walimu mtaitazama kazi ile nzuri mkampigia mtoto makofi. Yule mwenye fedha hamsumbui hata mama, humtafuta fundi akamlipa. Je, hapo aliyefundishwa ni nani?

Tena kuna unga. Unga wa ngano ni maandazi ya siku, si kitu cha kumwagia magazeti. Na hapa kwetu masika yakishika, hata kanga haikauki, sembuse uso wa karatasi uliolowa gundi pande mbili; hubaki laini, ukaota ukungu wa kijivu, na usiku mende wakaufanyia karamu. Ile ya plastiki ya dukani, pamoja na ubaya wake wote, mende haili. Basi anayetaka kuniondolea barakoa ya dukani aniondolee kwanza mende, mvua na usiku mfupi.

FUNDI: Bibi yangu, pingamizi hizo naziheshimu kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa ndizo zilizonishughulisha katika kazi yangu ya kujalidi kwa maisha yangu yote, maana kitabu nacho ni karatasi na gundi, na mende hafarikishi baina ya kitabu na barakoa. Mniwie radhi nikionyesha kwa mikono, maana ulimi wangu ni mzito.

Hili hapa ni gazeti la juzi. Nalichana upande huu: tazameni, limechanika kwa mstari ulionyooka tangu mwanzo mpaka mwisho. Sasa nalichana kwa upande wa pili: limekwenda mrama, limepinda na kukatika. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake, na asiyeujua hugombana nayo. Mtoto achane vipande kwa upande ule mwepesi, vya upana wa vidole viwili, wala asivikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa una nyuzi nyembamba zinazolala juu ya kipande cha jirani bila kuacha ngazi, na ukingo uliokatwa husimama ukaonekana hata chini ya rangi. Tabaka ya kwanza ivilaze vipande kwa wima, ya pili kwa mlalo, ya tatu kwa wima tena. Tatu zinatosha, nne ni anasa. Kazi hii ya kuchana haihitaji akili ya mtu mzima, na mtoto wa miaka mitano huifanya kwa furaha kuliko mimi.

Gundi sasa. Bibi amehofia maandazi yake. Vijiko viwili vya unga vinatosha uso mzima. Koroga unga huo kwa maji ya baridi kwanza, ili usishike mabonge, kisha ongeza maji kiasi cha vijiko kumi, upike kwa moto mdogo huku mwiko hautulii mpaka uji ung’ae. Kama ngano ni ghali, unga wa muhogo unafaa sawasawa. Maji hayo ya kupikia yachemshwe kwanza pamoja na karafuu chache, maana karafuu huuzuia ukungu usimee, na harufu yake wadudu hawaipendi. Mafundi wa zamani walitia na shabu. Mimi katika vitabu nimeiacha, kwa kuwa ina ukali unaoila karatasi kwa miaka mingi, walakini barakoa isiyotazamiwa kuishi zaidi ya mwaka yaweza kuivumilia chembe ya ncha ya kisu. Na ikauke kivulini penye upepo, si juani, kwa sababu jua hukausha upande mmoja kabla ya mwingine na uso ukajikunja.

Kama siku ni za mvua, au barua imechelewa kama Bibi alivyosema, basi gundi ya maji na iachwe kabisa. Chukua karatasi ya manila, ikunje katikati, chora nusu ya uso kwenye mkunjo na ukate. Ikifunuliwa, pande mbili hutoka sawa bila kupimwa. Kisha kata nyufa nne, mbili juu ya paji na mbili kwenye kidevu, na kila ufa ukutanishe kingo zake, moja ipande juu ya nyingine kwa upana wa kidole, uzibandike. Uso uliokuwa bapa utabenuka wenyewe, ukapata paji, mashavu na kidevu. Mahali pa macho usikisie; pima kwa uzi usoni mwa mtoto, toka mboni hadi mboni, maana kwa mtu mzima ni kama sentimita sita na kwa mtoto hupungua, na kosa la kidole kimoja hapo humfanya mvaaji awe kipofu. Manyoya ya Simba yatoke katika katani, ambayo Tanga haijapata kuikosa. Rangi nyeusi ni masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi, na ya njano ni bizari ya manjano. Ukanda wa lastiki, na kazi imekwisha kabla ya Isha.

Na kuhusu mama anayefanya kazi mtoto akilala, dawa yake iko mikononi mwa Mwalimu. Mtu mzima ashike wembe na moto, basi. Yaliyobaki ni ya mtoto, na barakoa itakayokuja shuleni ikiwa haina hata alama moja ya kidole cha mtoto isitukuzwe. Mjue pia kwamba hata katika nchi ambazo duka linauza kila kitu, wapo wanaolipa fedha ili wapate ile taabu ya kutengeneza: Steve Wintercroft wa Uingereza amejulikana kwa kuuza vielelezo tu; mnunuzi huvichapa, akavibandika juu ya maboksi yaliyokwisha kutumika, akakata na kuunga pembe kwa pembe hata kikatoka kichwa cha mbweha. Kichwa hicho angeweza kukinunua kikiwa tayari, naye amechagua kukiunga.

MZEE: Wanangu, nimewasikiliza kwa muda mrefu, na kila mmoja amezungumza juu ya uso wa kuvaa bila kuuogopa. Sisi kwetu tuliuogopa. Mapiko, nyuso zetu za kuvaa ngomani, yalichongwa katika mti mwepesi, mbali na kijiji, mahali ambapo mwanamke hakanyagi wala mtoto asiyepita jandoni; yakatiwa nywele za watu, yakachorwa chale kwa nta, mengine yakatiwa ndonya, lile pambo la mdomoni. Mchezaji huvaa lipiko kichwani kama kofia, akatazama kupitia mdomo wake, na mwili wote umefunikwa nguo hata kidole hakionekani, na njuga zikilia kiunoni. Mama zetu walikimbia, nasi watoto tukakimbia nyuma yao, maana tuliambiwa kwamba kile si mtu.

Kisha kijana alipoingia jandoni, mojawapo ya mambo aliyofunuliwa ni kwamba aliyekuwa ndani ya lipiko ni binadamu, pengine ni mjomba wake mwenyewe. Siku hiyo alikoma kuwa mtoto. Sasa ninyi mnataka kumpa mtoto wa miaka saba, juu ya mkeka wa jikoni, kwa uji wa muhogo, jambo ambalo sisi tulilipata kwa njaa, kwa maumivu na kwa kiapo. Siri iliyopatikana bure haina uzito. Nauliza: mtoto huyo akikua, mtamfunulia nini?

Hapo baraza lilinyamaza, nami kitini sikuharakisha mtu, kwa kuwa hoja ya Mzee ilikuwa imeugeuza mjadala wote: tangu mwanzo watu waligombania karatasi na plastiki, naye aliuliza barakoa ina kazi gani katika kumkuza mtu.

MWALIMU: Mzee wangu, sina jawabu la kuifuta hoja hiyo, nina la kuisogeza mbele tu. Jandoni kijana alijifunza kwamba uso wa kutisha umetengenezwa na mkono wa mtu. Hayo ndiyo maarifa ninayoyataka, nami nayataka mapema na kwa wote, kwa binti sawa na mvulana, kwa sababu mtoto wa leo amezungukwa na nyuso za kutengenezwa ambazo hakuna mjomba atakayemfunulia: katika filamu, katika matangazo ya biashara, katika picha za simu. Lipiko lilikuwa moja kijijini, na wazee waliojua siri yake walikuwapo kumwongoza kijana. Nyuso za leo hazina wazee. Aliyewahi kuupachika mdomo wa Fisi kwa mikono yake, akaukunja huku akacheka, akaukunja kule akatisha, amejua kitisho hutokea wapi.

MZEE: Umenena. Lakini weka mpaka. Kijana wako atengeneze Sungura na Fisi na Abunuwasi, asinitengenezee lipiko la karatasi akalipeleka shuleni kushindania zawadi. Lile lina wenyewe, na siri yake hata ikijulikana na dunia nzima, heshima yake haijaisha.

MWALIMU: Mpaka huo naukubali, nami nitaupeleka kwa walimu wenzangu.

MAALIM: Mwenyekiti, niruhusu nirudi kwenye lile langu la kujificha, kwa kuwa maneno ya Mzee na kazi ya Fundi yamenifanya nilitazame upya. Nilisema kwamba barakoa humpa mtoto fursa ya kusema “Si mimi.” Nikijiuliza ni barakoa ipi inayompa fursa hiyo, naona ni ile ya dukani, ambayo wenzake kumi wameivaa na hakuna awezaye kuapa ni nani aliyesukuma. Ile iliyotengenezwa sebuleni, ndugu zake wamemwona akiichana, jirani amemwazima mkasi, na sikio lake moja limekaa upande kwa sababu yeye ndiye aliyelibandika. Hiyo hata akiivaa, uwanja mzima humwita kwa jina lake. Barakoa inayomtaja mwenyewe haimfichi. Kwa hiyo pingamizi langu nusu yake naliondoa. Nusu iliyobaki ni masharti: isivaliwe usiku, isivaliwe barabarani, maana mvaaji haoni pembeni na magari hayangoji, na isitumiwe kumtisha mtoto mchanga kwa mzaha, maana kuogofya watu si mchezo katika dini yetu.

Kura hazikupigwa, kwa kuwa baada ya maneno hayo hapakuwa na pande mbili za kuhesabu. Nilitoa uamuzi wa kiti hivi: kwamba ubora wa barakoa ya nyumbani hautokani na uchache wa gharama, ingawa gharama ni chache, wala na uzuri wake, kwa kuwa aghalabu hushindwa uzuri na ile ya kalibu, bali unatokana na kwamba mvaaji ajua imetengenezwaje na watazamaji wajua imetengenezwa na nani. Pakiwapo ujuzi huo, mtoto aweza kuwa Simba kwa saa nzima bila ya kudanganya wala kudanganyika. Usipokuwapo, amevaa tu kitu cha mtu mwingine asiyemjua. Kwa sababu hiyo hoja ya Mwalimu imepita, pamoja na mpaka wa Mzee, masharti ya Maalim, na kanuni ya Fundi kwamba mtu mzima hushika wembe na moto tu.

Bibi akaomba nyongeza moja iandikwe, nayo ikaandikwa bila kupingwa: barua ya shule ifike majuma mawili kabla ya siku yenyewe, na atakayemwaga gundi juu ya mkeka ndiye atakayeusugua, awe Simba au awe Sungura.